Gari Katika Picha, na Bibi Aliyesimama Kando Yake



Safu yetu wiki hii yaiacha bahari na kupanda hadi Kisii na Nyamira. Wengi wetu wa pwani tuna jamaa waliokwenda bara kwa udereva, kwa uaskari, kwa ushonaji au kwa kusomesha chuo cha Qur'ani, wakaoa na kuolewa huko. Na Kisii mjini wako Waislamu wa tangu zamani, Wanubi, wajukuu wa askari wa asili ya Sudan waliotumikia jeshi la King's African Rifles. Wakija Mombasa kwa harusi au matanga, huja na picha.

Picha hizo zina tabia moja: aghalabu zina gari. Aliyepata nafasi ya kupigwa picha alisimama kando ya gari, liwe lake, la mwajiri wake au la mpita njia. Hivyo zinapofunuliwa barazani, wanaume hulikimbilia gari. Huyu asema ni Morris, yule asema ni Austin, na ubishi hunoga hadi chai ikapoa. Mwanamke aliyesimama penye mlango wa gari, mtoto mkononi, haulizwi ni nani. Sina ugomvi na wapenda magari ya kale. Nataka tu ujuzi wao utumike kumtafutia mwanamke huyo jina lake.

Kanuni yenyewe ni nyepesi: picha haiwezi kulitangulia gari lililomo ndani yake. Gari laweza kutembea miaka ishirini au thelathini, basi halitwambii picha ni ya lini hasa. Latwambia tu mwaka ambao picha haiwezi kuwa kabla yake. Hilo laonekana dogo, lakini lilitosha kuigeuza nyumba moja ninayoijua.

Dada mmoja wa hapa Mombasa, ambaye kwao mamake ni Kisii, alikuwa na picha moja tu ya bibi yake mzaa mama. Bibi huyo alifariki mwaka 1954, akamwacha mama mtu akiwa na miaka mitatu. Katika picha yuko mwanamke kijana aliyejifunga kanga, amebeba mtoto mchanga, nyuma yake gari dogo la mviringo na kilima cha Nyamira. Picha ilitiwa fremu ikawekwa chumbani zaidi ya miaka arubaini. Kila mtoto wa nyumba ile alifundishwa: huyu ni bibi, na huyu mchanga ni mama.

Gari lilikuwa Morris Minor, na hilo hakuna aliyelibisha. Morris Minor ilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, na kwa miaka minane ya mwanzo kioo chake cha mbele kilikuwa vipande viwili, katikati pana mwimo wa chuma. Mwezi wa Oktoba 1956 ilitoka Minor 1000, na kioo kikawa kipande kimoja kilichopinda. Gari la kwenye picha lina kioo kimoja. Hesabu ni chungu, lakini haina njia ya pili: bibi alikuwa kaburini miaka miwili kabla ya gari lile kutoka kiwandani.

Alipigiwa simu bibi mdogo, nduguye marehemu, ambaye Alhamdulillah yu hai, yuko Kisii. Baada ya shikamoo na marahaba akasomewa picha kwa maneno: kanga, mtoto, gari, kilima. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mjukuu wangu, huyo ni mimi. Mtazame mtoto, ana kovu la moto mkononi." Mtoto ni mwanawe wa kwanza, na tarehe ya kuzaliwa kwake iliandikwa na mumewe ndani ya jalada la msahafu: Rajabu 1378. Mwezi huo uliangukia Januari na mwanzo wa Februari 1959. Gari na msahafu vikasema neno moja.

Dada yetu alilia, na ana haki ya kulia, maana siku ile alipoteza sura pekee ya bibi yake. Lakini bibi mdogo naye alikuwa ametundikwa ukutani kwa jina la maiti miaka yote hiyo, wala hakuna aliyemuuliza lolote. Sasa anaulizwa. Ameeleza kimo cha dadake, alivyopenda kusuka mikeka, na kwamba alikuwa akicheka kwa kuziba mdomo. Hakuna picha yake, lakini maneno hayo yameandikwa.

Wenye picha za namna hii wayatazame magari yao kwa alama nilizojifunza kwa wajuzi. Land Rover, ambayo ilipendwa na maafisa na wamisheni kwa sababu ya milima ya Gusii na matope yake, ilitoka mwaka 1948. Taa zake za mbele zilikaa katikati, karibu na wavu wa pua, hadi mwishoni mwa miaka ya 1960 zilipohamishiwa kwenye mabawa. Ukiona taa ziko mabawani, usikubali kuambiwa kuwa hiyo ni picha ya enzi za Mau Mau. Volkswagen, ile kobe, hujulikana kwa dirisha la nyuma: vipande viwili hadi mwaka 1953, kisha umbo la yai, na kuanzia nusu ya pili ya mwaka 1957 dirisha pana la pembe nne. Bahati mbaya watu hupenda kusimama mbele ya gari, si nyuma yake.

Pijo ndilo gari ambalo wengi wetu tunalikumbuka wenyewe, kwa safari za bara na viti vyake vya safu tatu, magoti yakigusana na ya watu tusiowajua. Peugeot 404 ilianza mwaka 1960, na saluni yake ina ncha za nyuma zilizochongoka kama mapezi ya papa. Ilishinda mbio za Safari mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, na sifa yake ikaenea kote nchini. Peugeot 504 ilitoka mwaka 1968. Saluni yake ina taa zenye pembe na buti lililoinamia nyuma. Basi mjomba akikuambia picha yake na 504 ilipigwa siku ya Uhuru, Desemba 1963, mpe chai yake na umwache na furaha zake, lakini usiandike.

Soma na maandishi. Lori lenye herufi KTDA mlangoni haliwezi kuwa la kabla ya mwaka 1964, kwa kuwa ndio mwaka mamlaka hiyo ya chai ilipoundwa. Kibati cha namba chenye herufi tatu na tarakimu, bila herufi ya mwisho, ni cha gari lililoandikishwa kabla ya mfumo wa KAA 001A ulioanza mwaka 1989. Nyuma ya picha kukiwa na maneno "South Kavirondo", hilo ni jina la wilaya ya Kisii ya zamani, kabla haijaitwa South Nyanza.

Hapa wanawake tuna elimu ambayo wapenda magari hawana: kanga. Chukua kioo cha kukuzia usome jina. Kanga za zamani zaidi ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na zile zenye "Mali ya Abdulla" zatoka duka la Kaderdina la Mombasa, lililoanza mwaka 1887. Wako mabibi wanaokumbuka kanga fulani ilitoka Idd gani, na nani alinunuliwa nani asinunuliwe. Waulizwe hilo kwanza, gari baadaye.

Kwa Wanubi jambo hili si la burudani tu. Kwa miaka mingi vijana wao walitakiwa kuthibitisha asili ya babu na bibi zao kabla ya kupewa kitambulisho. Mwaka 2011 Kamati ya Wataalamu wa Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya imewakosea watoto wa Kinubi haki ya utaifa. Mwaka huohuo mpiga picha wa Marekani, Greg Constantine, alitoa kitabu kuhusu Wanubi wa Kenya, kikiwa na picha za zamani kutoka katika nyumba zao. Picha si hati. Hata hivyo, familia inayoweza kusema, "Huyu ni bibi yetu, hapa ni Kisii, na gari hili latwambia ni miaka gani," inazungumza kwa sauti tofauti na familia iliyobaki na sanduku la sura zisizo na majina.

Neno la adabu. Mabibi hao walipigwa picha kwa ajili ya jamaa zao, na wengine vichwa vyao viko wazi. Msizirushe kwenye makundi ya simu ili watu wabishane juu ya gari. Funikeni sura, au kateni nakala ibaki gari peke yake. Mjuzi wa magari haihitaji sura ya bibi yenu. Na mkiandika nyuma ya picha, iwe penseli laini, pembeni, kwa mkono mwepesi, kwani wino hupenya.

Gari la Nyamira lilikuwa la nani? Bibi mdogo aliulizwa hilo pia, na wanaume wa nyumba walisogea karibu na simu. Akasema hajui, lilikuwa limesimama tu pale, na mwenyewe alikuwa amekwenda kununua ndizi.