Shahada ya Kihispania isiisahau Afrika

Mhariri,

Makala yenu kuhusu shahada zinazofunza Kihispania pamoja na historia na utamaduni wa wanaokizungumza imenifurahisha, ila mbona iliishia Madrid na Mexico? Guinea ya Ikweta, iliyopata uhuru kutoka Uhispania tarehe 12 Oktoba 1968, ina Kihispania kama lugha rasmi, na riwaya za mwandishi wake Donato Ndongo-Bidyogo zinastahili kuwa vitabu vya lazima darasani.

Huko Kolombia kuna San Basilio de Palenque, kijiji cha uzao wa watumwa waliotoroka. Lugha yao ya krioli ina msingi wa Kihispania na maneno ya Kikongo, ambacho ni Kibantu, kwa hiyo mwanafunzi anayejua lugha ya Kibantu ataingia darasani na mtaji ambao mwenzake wa Ulaya hana. Hilo vyuo vyetu vingelitangaza kwa sauti.

Nasi wa Kigoma tumo. Mwaka 1965 Che Guevara, mwanamapinduzi wa Kuba, alivukia hapa kwenda Kongo, akijulikana kwa jina la Tatu. Chuo kisichomudu kupeleka vijana Havana kiwalete huku kwanza; treni ipo.

Msomaji wenu,
Ujiji, Kigoma