Majarida ya Kukodi

Wasee wa Eldy, tuambiane ukweli. Siku niliacha chuo, paswadi yangu ya maktaba ilizimwa. Majarida yote, kwaheri.

Zamani maktaba ikinunua jarida, lilibaki kwenye rafu hata pesa ikiisha. Siku hizi mengi ni ya kukodi mtandaoni, kama bedsita: usipolipa, landilodi anapiga kufuli. Tangu 2003, maktaba za Kenya huchanga pesa kupitia muungano wao, KLISC, ili bei ishuke. Poa. Lakini kodi ni kodi.

Makomredi, wanaolipa karo ni nyinyi. Mshawahi kuulizwa mnasoma jarida gani, na ni gani likikatwa mtaumia? Ulizeni kabla mkataba haujafanywa upya. Mimi nilijua thamani yake nikiwa nje ya mlango.