Acha Ukungu Uwe Ukungu

Baridi imeshika London, saa zimerudishwa nyuma, na kama ilivyo kila Novemba, wanafunzi wapya wananiuliza swali lile lile: "Dada, nilienda mashambani, kulikuwa na ukungu mzuri ajabu, mbona picha imetoka kama maji ya kuoshea vyombo?"

Kabla sijajibu, nikiri kosa langu mwenyewe.

Januari moja nilikosa mazishi ya baba mkubwa kule Lushoto. Ruhusa ya kazini ilichelewa, na mazishi ya kwetu hayangoji mtu. Siku yangu ya mapumziko nikapanda treni St Pancras hadi Ashford, nikabadilisha hadi Appledore, kisha nikatembea kwa miguu mpaka Fairfield, kwenye tambarare ya Romney Marsh huko Kent. Pale kuna kanisa dogo la matofali la Mtakatifu Thomas Becket, limesimama peke yake katikati ya malisho, mitaro ya maji na kondoo. Mbingu ilikuwa ya kijivu, nyasi zimelowa, hakuna mtu. Nikapiga picha.

Usiku nilipoitazama niliona itazua maswali nyumbani. Nikafungua programu ya simu, nikaondoa mbingu ile na kubandika machweo ya rangi ya chungwa. Nikamtumia mama.

Jibu lilikuja kwa ujumbe wa sauti: "Mwanangu, mbingu inawaka moto, mbona maji ya mtaroni ni ya kijivu? Na zile picha unazotuma ukicheka, nazo unazitengeneza hivi?"

Mama hajawahi kuhariri picha hata moja. Lakini amechota maji maisha yake yote, anajua maji huchukua rangi ya mbingu iliyo juu yake. Tangu siku ile nimejifunza upya. Haya ndiyo niliyojifunza.

Simu inapenda mchana

Kamera ya simu imefundishwa kupenda mwanga wa wastani. Ikiona giza, inaongeza mwanga, na jioni yako nzito inageuka kuwa mchana uliochuja. Ikiona weupe mwingi, kama ukungu au theluji, inapunguza, na ukungu unatoka wa kijivu mchafu. Kwa hiyo usiiachie simu iamue. Gusa kioo pale penye jambo lako muhimu, kisha utumie alama ya jua inayotokea kushusha mwanga kama ni jioni, au kuupandisha kidogo kama ni ukungu mweupe. Hatua hii moja ina faida kuliko saa nzima ya kuhariri baadaye.

Kuhusu muda, tuna bahati ambayo hatuioni. Nyumbani, karibu na ikweta, jua likishazama giza linaingia kwa dakika 20 hivi. Hapa London mwezi Desemba mwanga wa baada ya machweo unakaa kama dakika 40, na hata saa sita mchana jua halipandi zaidi ya nyuzi 15 hivi juu ya upeo. Maana yake siku nzima mwanga unakuja kwa ubavu na vivuli ni virefu. Jua linachomoza mnamo saa mbili asubuhi, kwa hiyo mnaotoka zamu ya usiku mnaweza kulikuta njiani.

Ukungu wa mabondeni hupenda usiku usio na mawingu wala upepo, wenye baridi. Ukiona utabiri wa namna hiyo, tega saa ya kuamka.

Macho yapate pa kushika

Ukungu hufanya kazi kubwa: unafuta vitu vya mbali na kuacha vya karibu. Mti ulio karibu unakuwa mweusi, wa nyuma yake wa kijivu, wa tatu kama kivuli tu. Hizo tabaka ndizo zinazotoa kina. Lakini ukipiga ukungu mtupu, utapata ukuta mweupe. Tafuta kitu kimoja cheusi cha karibu: lango la shamba, mti uliopukutika, kondoo, hata mwenzako aliyevaa koti. Kimoja kinatosha.

Usikiweke katikati. Washa mistari ya gridi kwenye kamera, inayogawa picha katika theluthi, uweke kitu chako kwenye mstari mmojawapo. Upeo nao usikate picha nusu kwa nusu. Kama mawingu ndiyo yenye habari, wape theluthi mbili. Kama ni ardhi, mbingu ipate theluthi moja. Na usiogope nafasi tupu. Picha ya upweke inahitaji mahali pa upweke kukaa.

Kabla ya kubonyeza, zungusha macho kwenye kingo nne za picha. Nusu ya kiatu, ncha ya tawi na mfuko wa plastiki hujificha huko. Kusogea hatua mbili ni rahisi kuliko kufuta.

Kuhariri bila kudanganya

Wengine wanaamini picha safi ni ile isiyoguswa. Si kweli. Chukulia Don McCullin, mzaliwa wa London wa mwaka 1935 aliyepata sifa kwa picha za vita. Kamera yake ya kwanza, Rolleicord, aliinunua Nairobi kwa pauni 30 akiwa askari wa kikosi cha anga. Aliporudi Uingereza fedha zikampungukia, akaiweka rehani, na mama yake akaikomboa kwa fedha zake mwenyewe. Baada ya miaka mingi ya vita aligeukia mashamba ya Somerset, akayapiga kwa rangi nyeusi na nyeupe, chini ya mbingu nzito zinazotisha. Picha hizo, zilizokuwemo kwenye maonyesho yake ya Tate Britain mwaka 2019, amezisafisha mwenyewe kwenye chumba cha giza: sehemu anayotaka iwe nyeusi huipa karatasi mwanga zaidi, anayotaka ibaki nyeupe huikinga. Huko nako ni kuhariri. Ila mawingu yalikuwepo siku ile.

Huo ndio mpaka wangu: kukoleza kilichokuwepo, sawa, kuleta kisichokuwepo, hapana.

Kwenye simu, kwa programu kama Snapseed ambayo haina malipo, mimi hufuata mpangilio huu. Kwanza nanyoosha upeo na kukata kingo. Pili nashusha maeneo yenye mwanga mkali ili mawingu yaonekane. Tatu naacha vivuli viwe vivuli. Ukivifungua vyote, picha inapoteza uzito. Nne napunguza ukolezo wa rangi kidogo, maana majani ya hapa yakikolezwa yanakuwa kijani cha soda. Tano nagusa sehemu chache kwa kidole: lango liangaze kidogo, kona zififie kidogo. Ukungu wenyewe siuongezei utofauti mkubwa wa mwanga na giza; ukiukaza sana unakatika na kuonyesha madoa.

Halafu nafunga simu. Naitazama tena kesho yake, na mara nyingi narudisha nyuma nusu ya niliyofanya. Macho yaliyochoka hukoleza sana.

Kazi ya wiki mbili hizi

Mlio London hamhitaji kwenda mbali. Nendeni Epping Forest kwa treni ya Central hadi Loughton, au Richmond Park kwa District hadi Richmond. Pale Richmond kuna paa zaidi ya 600. Kaeni umbali wa mita 50, hasa msimu huu madume wanapogombana. Chagueni kitu kimoja, mkipige mara kumi bila kukaribia zaidi, kisha mbakize picha moja.

Na itume nyumbani kama ilivyo. Mimi nilimtumia mama ile ya Fairfield ya asili, mbingu yake ya kijivu na maji yake ya kijivu, nikamwambia niliipiga wiki tulipomzika baba mkubwa bila mimi. Alikaa kimya siku nzima. Kisha akasema, "Hii naielewa. Ni kama kwetu wakati wa kipupwe, ukungu ukishuka." Tukaongea saa nzima, na safari hii sikusema kwamba mimi ni mzima tu.

Tukutane toleo lijalo. Vaeni soksi mbili.