Wanafunzi wanahama, masomo yao yanabaki nyuma

Vita vikifika kijijini mtu anabeba mtoto, sufuria, na mfuko wa makaratasi kama ameukuta mahali pake. Wengi hawaukuti. Ndiyo maana leo nataka tuongee jambo ambalo kwa kulisikia tu linaonekana kuwa la mbali: namna nchi za Ulaya zilivyopanga masomo ya juu ya kazi na ufundi, na namna sisi hapa Kongo tulivyochukua nusu ya mpango huo. Nusu tuliyoiacha ndiyo familia zilizohama zinaihitaji zaidi.

Tuanze na ile tuliyoichukua. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022, vyuo vyetu viliamriwa kuingia katika mfumo wa LMD, yaani lisansi, masta na udaktari. Zamani mtu alisoma gradua miaka 3, kisha lisansi miaka 2. Sasa lisansi yenyewe ni miaka 3, na masta miaka 2. Wazazi wengi bado wanachanganyikiwa. Lisansi ya baba ilimchukua miaka 5, ya mtoto inamchukua miaka 3, na jina ni lile lile.

Mfumo huu haukuzaliwa Kinshasa. Tarehe 19 Juni 1999, mawaziri wa nchi 29 za Ulaya walitia sahihi mapatano katika mji wa Bologna, Italia. Leo nchi zilizomo ni 49. Kabla ya hapo kila nchi ilikuwa na ngazi zake na majina yake. Hata Ubelgiji, iliyotuachia mambo mengi katika shule zetu, iliendelea na kandidatura na lisansi zake za zamani mpaka ilipobadilisha sheria zake miaka ya 2000. Walichotafuta ni hiki: kijana asome Liège, aendelee Lisbon, apate kazi Helsinki, bila kurudishwa mwaka wa kwanza. Kipimo chao ni krediti. Mwaka mzima wa masomo una krediti 60, na kila krediti ni saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi, darasani na nyumbani.

Hapo sikilizeni vizuri. Krediti zilianza kujaribiwa mwaka 1989, ndani ya mpango wa Erasmus wa kubadilishana wanafunzi. Zilitengenezwa kwa ajili ya mwanafunzi anayehama, ili alichosoma huku kihesabiwe kule.

Sasa niwaulize: kuna wanafunzi gani duniani wanaohama kuliko wetu? Kijana ametoka Rutshuru akaenda Goma, toka Goma akafika Bukavu, toka Bukavu akashuka Uvira, leo yuko Kalemie au Bujumbura. Mwingine yuko Nyarugusu kule Tanzania, mwingine Kyangwali kule Uganda. Kama krediti ina maana, hawa ndio ingewafaa wa kwanza. Lakini mwulize mmoja wao akuonyeshe krediti zake. Hana kitu mkononi. Zimeandikwa katika programu ya chuo, na pointi zake ziko katika daftari la sekretarieti, ambalo mara nyingi halifunguliwi mpaka mwanafunzi amalize kulipa pesa zote za masomo. Siku ofisi ile inafungwa, inaporwa au inaungua, miaka 2 ya jasho la familia nzima imepotea pamoja nayo.

Kwa hiyo tulibadilisha majina na hesabu, lakini kazi yenyewe ya krediti, ile ya kumfuata mwenye nayo, hatukuileta.

Nusu ya pili ni masomo ya kazi. Huko Ulaya, chuo kikuu cha nadharia hakiko peke yake. Ujerumani ilikubaliana mwaka 1968 kuanzisha vyuo vinavyoitwa Fachhochschule, kwa ajili ya mafundi wakubwa, wahandisi na wafanyakazi wa jamii. Ufaransa ilianzisha vyuo vyake vya teknolojia, IUT, mwaka 1966, na tangu 2021 masomo yake ni ya miaka 3, ngazi moja na lisansi. Ufini ilijenga vya kwake miaka ya 1990. Ubelgiji inayosema Kifaransa ilikusanya shule ndogo ndogo za uuguzi, ualimu na ufundi mwaka 1995 ikazifanya Hautes Écoles. Na vyuo vya namna hiyo vina umoja wao wa Ulaya nzima, EURASHE, uliozaliwa mwaka 1990, unaovisemea pale sera zinapoandikwa.

Sisi pia tunavyo vyuo vya kazi. ISTM inafundisha wauguzi na watu wa maabara, ISTA inafundisha mafundi, ISP inafundisha walimu, ISDR inafundisha watu wa maendeleo vijijini. Hivi ndivyo vyuo vya watoto wa watu wa kawaida, na bila wanaotoka humo vituo vya afya na shule za vijijini zingefungwa. Lakini mzazi akipata pesa kidogo anasema, mtoto wangu aende université, kama vile ISTM ni mahali pa walioshindwa.

Tazameni wenzetu wanapima nini. Katika Umoja wa Ulaya, sheria inataka muuguzi wa huduma za jumla asome saa zisizopungua 4,600, na angalau nusu ya saa hizo awe mbele ya wagonjwa. Asiyezifikisha, diploma yake haipiti mpaka wa nchi nyingine kwa njia ya kawaida. Ubelgiji inayosema Kifaransa iliongeza masomo ya uuguzi kutoka miaka 3 hadi 4 mwaka 2016 ili ifikie kipimo hicho. Na Ujerumani, anayetaka kuwa profesa wa Fachhochschule kwa kawaida lazima awe amefanya kazi ya fani yake miaka 5, na 3 kati ya hiyo iwe nje ya vyuo.

Na staji zetu je? Tuseme ukweli. Wako wakuu wa hospitali na wa karakana wanaofundisha kwa moyo, tunawajua na tunawashukuru. Lakini wanafunzi wengi wanapelekwa staji ili wapate sahihi tu. Wanachota maji, wanafagia, wanasubiri fomu ijazwe. Kisha tunashangaa chuo cha nje kikikataa diploma yetu.

Nusu ya tatu (mnisamehe hesabu, vita vimeharibu hata hesabu zetu) ni ya aliyepoteza makaratasi. Mwaka 1997, kule Lisbon, nchi za Ulaya zilitia sahihi mapatano ya kutambua diploma. Msingi wake ni huu: diploma ya nchi nyingine itambuliwe, isipokuwa wanaoikataa waonyeshe tofauti kubwa iliyomo. Mzigo wa kuthibitisha uko kwa ofisi, hauko kwa mwombaji. Na kifungu cha 7 kinazitaka nchi ziwe na njia ya haki na ya haraka kwa wakimbizi na waliohamishwa, hata kama hawana karatasi za kuthibitisha masomo yao.

Miaka 20 kifungu hicho kilikaa karibu kimelala. Mwaka 2017, Baraza la Ulaya lilianza kukijaribu Ugiriki, pamoja na Italia, Norwe na Uingereza. Mkimbizi anajaza fomu ndefu, anaonyesha karatasi kama anazo, kisha anakaa na wapimaji wanaojua mfumo wa shule za nchi yake. Wanamuuliza alisoma nini, nani alimfundisha, mitihani ilikwendaje. Akiaminika anapewa Pasipoti ya Sifa za Elimu, inayotumika miaka 5. UNESCO nayo ilijaribu pasipoti ya namna hiyo Zambia mwaka 2019, nchi jirani yetu yenye wakimbizi wengi Wakongo.

Nisiwadanganye. Pasipoti hiyo haikupi visa. Haikuruhusu kuchoma mgonjwa sindano. Si diploma. Inasema tu: mtu huyu tumemsikiliza, na tunaamini alisoma mpaka hapa. Kwa aliyerudishwa mlangoni mara nne kwa sababu hana karatasi, hilo si jambo dogo.

Wako watakaosema: serikali inashindwa hata kulipa walimu, itapata wapi nguvu za mambo haya? Jibu langu ni kwamba mengi hayahitaji pesa nyingi. Kumpa mwanafunzi karatasi ya pointi yenye muhuri kila mwisho wa semesta ni kazi ya karatasi moja. Kuweka nakala za madaftari katika kompyuta iliyo mji mwingine si kujenga barabara. Wengine watasema tutafungulia mlango wadanganyifu. Lakini diploma za uongo tunazo tayari, na mtu anazinunua kwa sababu karatasi ndiyo kitu pekee kinachoangaliwa. Muuguzi wa uongo ni rahisi kuwa na karatasi nzuri. Kukaa saa nzima mbele ya wauguzi wawili wa kweli ni kazi nyingine.

Na kuna jambo zito zaidi. Tangu Goma na Bukavu zilipoingia mikononi mwa M23 mwanzoni mwa 2025, mstari wa vita umepita kati ya vyuo na wizara yao. Mwanafunzi hakuchagua nani atawale mji wake. Alichagua tu kuendelea kusoma, na wakati mwingine hakuwa na pesa za gari la kuondoka. Wakubwa watakapokaa mezani, miaka ya masomo ya watoto hawa isifanywe silaha ya upande wowote.

Ninaomba mambo matatu. Karatasi ya pointi na krediti itolewe kila semesta, hata kwa anayedaiwa; deni lidaiwe kwa njia nyingine. Staji iwe na daftari la saa, linalotiwa sahihi siku kwa siku na yule aliyefundisha. Na vyuo vya majimbo yaliyo na utulivu viunde tume ya kuwasikiliza waliopoteza makaratasi. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na jumuiya hiyo ilikwisha tangaza eneo la pamoja la elimu ya juu mwaka 2017. Basi njia ya kumtambua kijana wetu Kampala au Bujumbura inaweza kutafutwa hapa hapa, bila kungoja Ulaya.

Nanyi familia, msisubiri wakubwa. Piga picha karatasi zote za mtoto, hata buletini za sekondari, umtumie ndugu aliye mji mwingine. Kama zimekwisha potea, keti naye leo, mwandike katika daftari: chuo, miaka, masomo, majina ya walimu, wenzake wa darasa, mahali alipofanya staji. Kumbukumbu inafifia, na siku atakapoulizwa maswali, daftari hilo litamkumbusha. Na yeyote anayekuambia atakuuzia diploma au nafasi ya udhamini wa Erasmus, mfungie mlango. Pesa hizo mnunulieni mtoto sare ya staji.