Masurufu ya Kila Asubuhi

Ukipita asubuhi katika vichochoro vya Kuze au mitaa ya Kisauni, utaona jambo ambalo sisi watu wa Pwani tumelizoea hata hatulioni tena. Mwanamume amerudi kusali alfajiri, amekunywa chai yake na mahamri mawili, amevaa viatu, na kabla ya kuvuka kizingiti anatia mkono mfukoni, anaacha pesa za siku juu ya meza, chini ya kikombe. Hayo ndiyo masurufu. Mke atayakuta, atayahesabu, na kwa hesabu hiyo ataamua kama leo ni samaki au ni mbaazi. Mumewe hulipwa kiasi gani kwa mwezi, mke hajui. Na akithubutu kuuliza, huambiwa ana kiherehere.

Baba yangu alifanya hivyo, nami nikafanya hivyo miaka kumi na mmoja bila ya kuona kosa lolote. Kosa nilionyeshwa huko Keumbu, mbali na bahari, na mama mmoja ambaye sidhani kama amepata kukuna nazi maishani mwake.

Keumbu ni soko lililo kando ya barabara itokayo mji wa Kisii kwenda Keroka. Ni nchi ya vilima na baridi, mvua hunyesha mchana kana kwamba imeajiriwa, na kando ya barabara utakuta mikungu ya ndizi imepangwa kama askari gwarideni. Mapema mwaka 2017 nilipelekwa huko kutunza stoo ya wajenzi. Kazi yangu, kwa hiyo, ilikuwa ni kuhesabu. Mifuko ya saruji iliingia kwa hesabu na kutoka kwa hesabu. Kilo moja ya misumari ikipotea, ilikuwa lazima ijulikane imekwenda wapi na nani ametia sahihi. Lakini mshahara wangu mwenyewe, shilingi 28,000, uliingia mwisho wa mwezi, na ilipofika tarehe kumi na mbili sikuweza kumweleza mtu ulikokwenda.

Kwa kuwa kikombe kilikuwa Mombasa nami niko Keumbu, masurufu nikawa nayatuma kwa M-Pesa kila asubuhi, shilingi 500. Nilijiona mume hodari. Ada ya kutuma nikilipa mimi, ada ya kutoa akilipa mke wangu kwa wakala, na siku nilipokaa kitako kupiga hesabu nikakuta ada hizo peke yake zimepita shilingi elfu moja kwa mwezi. Nani katika nyumba yangu alikula elfu hiyo?

Nilipanga chumba katika boma la mama mmoja mzee ambaye jirani zake wote wakimwita Mong'ina, neno la heshima kwa mwanamke mtu mzima, nami nikamwita hivyo hivyo. Alikuwa na migomba, chai kidogo, na wimbi la kusonga obokima. Nyuma ya jiko alipanda chinsaga na rinagu, ambazo si nyingine ila mgagani na mnavu wetu. Sikumwona hata siku moja akinunua mboga. Jioni, baada ya kukamua ng'ombe, alikuwa akitoa daftari la shule la mjukuu wake na kuandika. Ukurasa wa kulia, vitu ambavyo shamba halitoi: chumvi, sukari, sabuni, mafuta ya taa, karo, dawa. Ukurasa wa kushoto, zilikotoka pesa za kuvinunulia. Hakuwa na elimu kubwa. Aliniambia alifika darasa la nne.

Nisieleweke vibaya nikadhaniwa nasema watu wa Kisii wote ni mahodari wa matumizi. Mkulima mdogo wa chai hulipwa kidogo kidogo kila mwezi kwa kilo alizopeleka, halafu mwezi wa Oktoba huja bonasi, na bonasi hiyo nimeiona kwa macho yangu ikiingia mifukoni mwa wanaume asubuhi na kutoka jioni. Mwenye duka aliyekopesha mwaka mzima hukaa mlangoni akingoja. Wanawake ndio walionitia aibu. Zamani walikuwa na utaratibu wao uitwao egesangio: leo tunalima shamba la fulani sote, kesho la mwenzake, mpaka zamu imzungukie kila mtu. Kina Mong'ina walikuwa na kikundi chao cha pesa, na ukikitazama vizuri ni gurudumu lile lile, ila jembe limekuwa noti. Mmoja huchukua zamu yake, na kiasi kidogo hubaki katika sanduku kwa ajili ya dharura.

Mwezi wa Mei mwaka huo unga ulikuwa umepanda vibaya nchini, hata serikali ikaingilia na pakiti ya kilo mbili ikauzwa kwa shilingi 90 pale ilipopatikana. Mombasa mke wangu alipanga foleni tangu asubuhi. Siku chache baadaye ikaandama Ramadhani. Hapa sihitaji kumweleza msomaji wa Pwani. Mwezi ambao tumeamrishwa kujizuia ndio mwezi ambao jiko letu halizimi: kaimati, tambi, muhogo wa nazi, viazi karai, samosa, na sahani za kupelekeana majirani. Halafu Idd, na watoto watatu wanataka nguo mpya kuanzia kofia hadi viatu. Mshahara ulipokwisha nilikopa kwa simu, na nguo zikanunuliwa.

Katikati ya Julai nikapigiwa simu kwamba mama yangu mzazi yu mahututi. Mfukoni nilikuwa na shilingi 340.

Nilikwenda kwa Mong'ina usiku ule. Hakukataa, ila pesa zake hazikuwa ndani. Zilikuwa katika sanduku la kikundi, na sheria ya sanduku ilikuwa shilingi kumi juu ya kila mia. Nikamweleza kwamba dini yangu inaniharamishia riba, kuitoa na kuipokea. Nilipokwisha kusema nikajisikia mjinga, kwani mtu hawezi kuomba maji na huku anachagua kikombe. Lakini Mong'ina alinyamaza kidogo, akamtuma mjukuu kwa mweka hazina, na kina mama watatu wakaja na taa. Wakateta kwa Kigusii. Mwisho akaniambia, "Mwanangu, mtu anayekwenda kumwona mama yake hatumtozi hiyo kumi. Lakini utarudisha kabla shule hazijafunguliwa, maana zamu inayofuata ni ya karo." Wakanihesabia shilingi 4,000.

Kisha akafungua daftari ukurasa mtupu na kuniuliza: unalipwa ngapi? Mbele ya wanawake wanne, mimi ambaye mke wangu hajapata kujua mshahara wangu, nikautaja. Kodi 2,500. Nyumbani 15,000. Ada za simu. Chakula changu. Akaandika, akajumlisha, ikabaki kama elfu nne bila maelezo. "Na hizi?" Nikasema ni vocha na sigara. Sigara nikinunua kijiti kimoja kimoja, na kijiti cha shilingi chache hakimuumi mtu. Hakusema neno. Alipiga mstari tu chini ya tarakimu.

Nilimkuta mama yu hai. Alinijua. Alikaa siku nne, tukamzika baada ya sala ya Ijumaa, Mungu amrehemu.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Siku ya pili ya matanga jamaa walikaa barazani kupanga khitma. Wakataja gunia la mchele, mbuzi wawili, samli, mpishi wa kukodi. Mmoja akasema, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba mama yetu hakuwa mtu wa kuzikwa kimya. Nani angethubutu kusema hapana? Nikakopa shilingi 20,000 kwa mfanyabiashara anayetujua. Watu walikula, walisoma, waliomba dua, wakasema khitma imefana. Mwenye duka alitaka pesa zake kwa haraka, naye yuko mtaani kwetu na uso wake nauona kila siku nikiwa nyumbani; basi nikamlipa yeye kwanza. Deni la Keumbu, lisilo na riba wala sahihi, nililiweka nyuma. Shule zilifunguliwa mwisho wa Agosti. Nililipa mwezi wa Novemba. Msichana ambaye zamu ile ilikuwa ya karo yake alirudishwa nyumbani majuma mawili, mpaka mama yake alipouza mbuzi.

Hakuna aliyenitukana. Mong'ina alipokea, akafungua daftari, akapiga mstari juu ya jina langu. Na jina lenyewe halikuwa langu, alikuwa ameandika "Mswahili".

Ndugu zangu, nauliza. Sharia yetu imelitukuza deni mpaka Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikuwa akiuliza kwanza kama maiti ameacha deni kabla ya kumsalia. Na Jaafar bin Abi Talib alipouawa katika vita vya Muuta, aliamrisha watu wawapikie jamaa wa Jaafar, kwani wamefikiwa na la kuwashughulisha. Wao ndio wapikiwe. Sisi tumeligeuza: mfiwa ndiye apike, alishe mtaa, na akishindwa akope. Haya si mageni, masheikh wetu wameyasema kila mara mimbarini, nasi tumeitikia kwa vichwa na kwenda kuagiza mchele. Harusi sitaizungumzia hapa, ukurasa hautatosha.

Wako watakaosema tatizo ni umaskini, na asiye na kitu hana cha kupanga. Upo ukweli ndani yake. Huwezi kumfundisha hesabu mtu ambaye siku nzima amepata shilingi mia mbili bandarini. Lakini wengi wetu tunaolipwa kwa mwezi tumejifanya vibarua wa siku katika nyumba zetu wenyewe. Masurufu ya kila asubuhi yanamlazimisha mke kununua kila kitu kadogo: mafuta ya kupima, sukari robo, makaa ya mkebe. Mwenye duka anayepima hivyo hadhulumu, anafanya biashara; ila kila kipimo kidogo kina faida yake juu, na faida hiyo anailipa asiyekuwa nazo. Mabibi zetu walionunua mchele kwa pishi na kuutoa jikoni kwa kibaba waliyajua haya. Kule Keumbu wanapima kwa gorogoro, na Mong'ina alikuwa akinunua mahindi wakati wa mavuno, gorogoro nyingi kwa mara moja, wakati wenzake wanangoja yapande.

Tena hatuna sababu ya kusema njia zote za kuweka akiba zina riba. Mchezo wanaocheza mama zetu, upatu kama wanavyouita Unguja, hauna riba hata chembe: unatoa mia unapata mia, kwa zamu. Mwaka 1963, katika mji wa Mit Ghamr huko Misri, Ahmad al-Naggar alianzisha benki ya akiba kwa wakulima waliokuwa wakizikwepa benki za riba, wakaweka vijisenti vyao na kukopeshana bila ziada. Haikudumu, lakini mbegu ilimea. Hapa Kenya mabenki ya kufuata sharia yalifungua milango mwaka 2008. Kwa upande mwingine, mkopo wa M-Shwari ulipoanza Novemba 2012 ada yake ilikuwa asilimia 7.5 kwa siku 30, na wengi wetu tusiokubali hata kulitamka neno riba tuliubonyeza bila ya kuuliza ada hiyo ni kitu gani. Niliona haya kumwomba Mong'ina aniondolee kumi kwa mia, na katika simu yangu mlikuwa na deni la Idd.

Nilipomaliza kazi Keumbu nilirudi Mombasa, na mwezi wa kwanza nikaweka mshahara wote mezani, na karatasi yake. Sitaficha kwamba palikuwa na ugomvi. Miaka kumi na mmoja mke wangu alikuwa akipunguza nazi katika wali akidhani hatuna, na sasa aliona tulikuwa nazo. Siku mbili hakusema nami. Siku ya tatu alinunua daftari.

Kwanza alinunua gunia la makaa, kisha mtungi wa mafuta wa lita tano. Februari 2018 serikali iliposimamisha ukataji wa miti na makaa yakapanda bei, gunia letu lilikuwa bado lina nusu. Mchele wa Ramadhani tunaununua tangu Rajabu, kidogo kidogo, nao unakaa katika pipa lenye kufuli, funguo anazo yeye. Mchezo wake una wanawake kumi, na zamu moja wameiweka isiwe ya mtu, iwe ya maziko. Anayefiwa hupewa, hupikiwa, na hakuna anayeulizwa mbuzi wangapi.

Ule ukurasa wenye mshahara wangu una mstari ulioandikwa "vocha na sigara". Kila mwisho wa mwezi huusoma kwa sauti, mbele ya watoto.