Kipenga cha Mwisho Kikilia, Kijana Wetu Atabaki na Nini?



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na maswahaba zake. Ndugu wazazi na wanafunzi wetu wapendwa, safari hii tumeona tuzungumzie jambo linalogusa kila nyumba hapa Ilala, nalo ni mpira wa miguu.

Sisi tunaishi baina ya Mtaa wa Msimbazi, yalipo makao ya Simba, na mitaa ya Twiga na Jangwani, yalipo makao ya Yanga. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936. Mtoto wa Kariakoo huijua rangi ya timu yake kabla hajahitimu Juzuu Amma. Basi si ajabu ukimuuliza mwanafunzi anataka kuwa nani akikua, akakujibu: mchezaji wa kulipwa. Wazazi wengine hukasirika na kuuficha mpira uvunguni. Wengine hufurahi, wakaanza kuhesabu fedha ambazo hazijaja. Sisi tunaona pande zote mbili hazijaliuliza swali lenyewe: kazi hiyo huchukua miaka mingapi, na baada yake kuna nini?

Tumtazame Sunday Manara, ambaye wazee wetu wanamkumbuka kwa jina la Kompyuta. Jina hilo alipewa wakati ambao Watanzania wengi hawajapata kuiona kompyuta kwa macho. Agosti 10, 1974, katika uwanja wa Nyamagana, Mwanza, Yanga iliifunga Simba 2-1, na bao la ushindi alilifunga yeye katika muda wa nyongeza. Mwaka 1977 akaenda Uholanzi kuchezea Heracles ya mji wa Almelo, na anatajwa kuwa Mtanzania wa kwanza kucheza soka la kulipwa Ulaya. Kutoka hapo alicheza Marekani, Austria, na Dubai katika klabu ya Al Nasr.

Hilo ni jambo la fahari. Lakini wanafunzi, zihesabuni nchi hizo: nne, katika miaka michache tu. Kila nchi ina lugha yake, baridi yake au joto lake, na mkataba wake wa kusaini. Ndivyo kazi hii ilivyo. Leo uko hapa, kesho unahama, na keshokutwa mwili unasema basi. Mwalimu wa miaka thelathini na kitu bado anaitwa kijana. Mchezaji wa umri huo huo anaitwa mzee.

Tena kuna tofauti kubwa baina ya zama zile na hizi. Miaka ya 1970 soka la nchini kwetu lilikuwa la ridhaa. Wachezaji wengi walikuwa na ajira, wengine katika mashirika ya umma, na jioni wakaenda mazoezini. Mpira ulipokoma, kazi ilikuwapo. Leo mpira wenyewe ndio kazi, na ukikoma, mshahara nao umekoma.

Na nafasi za juu ni chache mno. Tangu Manara aende Uholanzi, ilipita miaka 43 hadi Mtanzania wa kwanza, Mbwana Samatta, alipocheza na kufunga bao katika Ligi Kuu ya Uingereza akiwa na Aston Villa, mwaka 2020. Katika miaka yote hiyo, ni vijana wangapi wa mitaa yetu waliacha daftari wakafuata mpira, wakakosa vyote viwili?

Hatusemi mpira upigwe marufuku. Mtume (S.A.W.) ametuhimiza tuwe na nguvu, na ametuhimiza tuutumie ujana wetu kabla ya uzee. Mchezaji anauona uzee wa kazi yake mapema kuliko watu wote, kwa hiyo yeye ndiye wa kwanza kuhitaji nasaha hiyo. Rai yetu ni hii:

Kwanza, wazazi, msimnyime mtoto mpira, lakini msimpe mpira peke yake. Ajue kusoma, hesabu na fundi mmoja wa mikono. Mchezaji asiyeweza kuusoma mkataba wake atasomewa na anayetaka kumla.

Pili, makocha wa mitaani, waacheni vijana waswali Alasiri ndipo waanze mazoezi. Dakika kumi haziui kipaji, na siku za masomo ya madrasa tupangeni ratiba pamoja.

Tatu, tuwaalike wachezaji wastaafu waje wazungumze na wanafunzi wetu. Tunapishana nao sokoni na misikitini, wala hatuwaulizi kitu. Wao ndio wanaojua siku ilivyo pale jezi inapovuliwa kwa mara ya mwisho na simu hailii tena. Kijana akiyasikia hayo kutoka kwa aliyeshangiliwa na uwanja mzima, atayashika kuliko akiyasikia kwetu.

Nanyi wanafunzi, chezeni, na mwenye kipaji akikuze. Lakini dakika tisini ni chache, na umri uliobaki baada yake ni mrefu. Jiandaeni kwa vyote viwili.

Wabillahi tawfiq.