Mlinzi na Ajue Anacholinda

Mhalifu avaapo sare ya askari na kubisha hodi usiku, ubaya wake hauishii katika wizi wa nguo. Ubaya mkubwa ni kwamba mwananchi ameiamini sare ile, akafungua mlango. Ndugu walinzi wa usalama, mfano huu na utusaidie kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa kwa urahisi: hakimiliki na alama ya biashara.

Alama ya biashara ni sare ya bidhaa. Ni jina au nembo inayomwarifu mnunuzi bidhaa imetoka kwa nani. Nchini Burundi inalindwa na sheria ya mali ya viwanda ya tarehe 28 Julai 2009. Kwa kawaida sharti iandikishwe, nayo huhusu bidhaa za aina iliyotajwa tu, katika nchi ilimoandikishwa.

Hakimiliki ni haki ya mtunzi juu ya kazi yake: wimbo, kitabu, picha au filamu. Sheria yake ni ya tarehe 30 Desemba 2005. Haki hii huzaliwa pamoja na kazi yenyewe, bila kungoja kuandikishwa.

Mkaazi wa Musinzira anazijua ngoma za Gishora, jirani ya Gitega. Mwaka 2014 UNESCO iliitambua ngoma ya kifalme ya Burundi kuwa urithi wa binadamu wote. Lakini mwaka 1967 Wafaransa walirekodi wapiga ngoma wa nchi hii, na mwaka 1971 ikatoka huko sahani iitwayo "Burundi Black", iliyochanganya mlio ule na piano. Ikanunuliwa sana Uingereza. Utunzi ukahesabiwa wa aliyeongeza vyombo, si wa wenye ngoma. Hapo hakuna nembo iliyoghushiwa. Kilichochukuliwa ni jasho la watu.

Linganisha na maneno "Hakuna Matata". Kampuni ya Disney iliyaandikisha Marekani mwaka 2003 kuwa alama ya biashara kwa fulana. Wengi Afrika Mashariki walikasirika mwaka 2018, wakidhani lugha yao imeibwa. Hasira ile ina sababu yake, maana maneno yale ni mali ya kila msemaji wa Kiswahili. Hata hivyo alama ile haimzuii mtu kuyasema wala kuyaimba, na hati ya Marekani pekee haimpi askari wa Gitega ruhusa ya kumnyang'anya mchuuzi fulana zake.

Basi mlalamikaji afikapo kituoni, au shehena isimamishwapo katika njia ya Kobero pande za Muyinga, askari na aulize: Kilichoigwa ni kazi au ni nembo? Ikiwa ni nembo, imeandikishwa hapa, na kwa bidhaa za aina hii? Je, mnunuzi anadanganywa? Kisha jambo lipelekwe mbele ya sheria.

Askari asiyejua tofauti hii hukosea mara mbili. Humwonea mchuuzi mnyonge asiye na hatia, na humwacha apite muuza dawa bandia zenye nembo ya kughushi, ambazo mgonjwa atazimeza kwa imani. Bunduki pekee haitoshi kumlinda mwananchi. Elimu nayo ni silaha.